Kunde Zikae Katikati ya Sahani: Kula Bila Nyama na Kushiba

Mtu anayeacha nyama kwa mara ya kwanza mara nyingi huiondoa tu kwenye sahani, kisha hula vilivyobaki. Wali unabaki, mchicha unabaki, kachumbari inabaki. Siku za mwanzo hujisikia mwepesi na kufurahi. Baadaye njaa humshika kila saa kumi jioni, huituliza kwa chapati na soda, na mwishowe hurudi buchani akiamini kwamba mwili wake haukuumbwa kwa chakula kisicho na nyama. Mwili wake hauna kosa lolote. Sahani ile ilikuwa na wanga na majani, na protini kidogo mno.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mapishi, ni vizuri kujua kinachotafutwa. Kila mlo mkuu uwe na chakula kimoja cha jamii ya kunde, au mayai na maziwa kwa wanaovitumia, na chakula hicho kiwe kingi kiasi cha kushindana na ugali wenyewe. Kijiko cha mchuzi wa maharage pembeni ya mlima wa wali hakitoshi. Mapishi yasiyotimiza sharti hili, hata yawe matamu vipi, ni ya kusindikiza mlo tu.

Hesabu yake si ngumu. Shirika la Afya Duniani linaweka mahitaji ya mtu mzima mwenye afya kuwa gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi. Mjamzito na mama anayenyonyesha huhitaji zaidi. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi. Akila kimoja mchana na kimoja usiku, amepata 30. Robo kilo ya unga wa dona, iliyogawanywa kwa siku nzima, inaongeza kama 20. Konzi ya karanga, yaani gramu 30, inaleta 7 nyingine. Amevuka 50 bila yai wala tone la maziwa, na kila alichokula kinauzwa katika soko lolote kuanzia Mwanza hadi Malindi.

Hesabu hiyo hubadilika pale chakula kikuu kinapokuwa muhogo au ndizi. Mahindi, ngano, mtama na ulezi vina protini yao wenyewe, lakini gramu 100 za muhogo mbichi au ndizi zina gramu moja tu na ushei. Anayekula ugali wa muhogo au ndizi za kupika kila siku, basi, aongeze kunde kuliko yule wa dona. Bukoba ndizi na maharage huiva katika sufuria moja, na huo ni mfano mzuri wa kuiga.

Zikiwa kavu, maharage, kunde, choroko, adesi na mbaazi zina takriban gramu 21 hadi 24 za protini katika kila gramu 100. Dengu na njugu mawe ziko chini kidogo, karibu 20. Karanga zina 25 hivi, mbegu za maboga zinafika 30, ufuta 17. Soya inazipita zote kwa gramu 36. Hapa mnunuzi wa Tanzania awe mwangalifu: yale yanayoitwa sokoni "maharage soya" ni maharage ya kawaida yenye rangi ya kimanjano, matamu na yanayoiva haraka, lakini siyo soya yenyewe. Soya ya kweli ni punje ndogo za mviringo, za rangi ya maziwa, na mara nyingi hupatikana kwa wauzaji wa unga wa lishe.

Wengi wameambiwa kwamba protini ya mimea "haijakamilika" na kwamba lazima nafaka na kunde ziliwe pamoja, sahani moja, saa moja. Fundisho hilo lilienezwa sana na kitabu cha Mmarekani Frances Moore Lappé, Diet for a Small Planet, cha mwaka 1971. Katika toleo la 1981 Lappé mwenyewe alilirekebisha na kusema kwamba alilitilia mkazo kupita kiasi. Ukweli wa msingi unabaki: nafaka zina upungufu wa laisini, kunde zina upungufu wa methionini (zote mbili ni viini vinavyojenga protini), na kila moja hujaza pengo la mwenzake. Lakini mwili huweza kuziunganisha zikiliwa kwa nyakati tofauti ndani ya siku hiyohiyo. Anayekunywa uji wa ulezi asubuhi na kula choroko usiku hana sababu ya kuhofu.

Sasa mapishi. Mazuri zaidi yako kwa watu ambao wamepika bila nyama kwa vizazi, kwa ajili ya dini, mfungo au mazoea ya nyumbani, kwa sababu wao walikwisha kutatua tatizo la ladha na la kushiba. Afrika Mashariki imebarikiwa kuwa na jamii kadhaa za namna hiyo, na nyingi ziko umbali wa safari moja ya daladala au matatu.

Pwani ndiko pa kuanzia. Mbaazi za nazi, zinazoliwa na mahamri asubuhi kuanzia Lamu hadi Unguja, ni mlo kamili usiohitaji chochote cha mnyama, maana hata mahamri yenyewe kwa desturi hukandwa kwa tui, hamira, sukari na iliki. Kwa watu wanne au watano, loweka vikombe viwili vya mbaazi kavu usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, weka mapya, chemsha hadi punje ibonyee kwa vidole bila ubishi na maji yawe yamekaribia kukauka. Hapo ndipo tui jepesi linaingia, pamoja na kitunguu kilichokatwa, pilipili mbichi iliyopasuliwa, manjano kidogo na chumvi. Likipungua, mimina tui zito, punguza moto, na koroga polepole bila kuacha ili tui lisikatike. Rojo likiwa zito kiasi cha kushikamana na hamri, epua. Kila mlaji hupata gramu 17 au zaidi za protini kutoka kwenye mbaazi peke yake. Utaratibu huohuo hufaa kunde, maharage na njugu mawe, ingawa njugu mawe huhitaji muda mrefu zaidi jikoni na subira ya mpishi.

Bhajia za kunde nazo ni hazina. Kunde zilizolowekwa husuguliwa mikononi hadi maganda yatoke, kisha husagwa kwa maji machache mno pamoja na kitunguu saumu, pilipili, dania na chumvi. Siri iko katika kupiga: rojo lipigwe kwa mwiko au mkono hadi liwe jeupe na jepesi, ndipo lichotwe kwa kijiko na kukaangwa. Lisipopigwa, bhajia hutoka ngumu. Chatini ya nazi au ya ukwaju hukamilisha, na zilizobaki hutiwa ndani ya mkate kwa chakula cha mchana cha mtoto wa shule.

Mwezi wa Ramadhani ni wakati mzuri wa kujifunza, kwa kuwa meza ya futari hujaa vyakula vya nazi na kunde, na wapishi wazuri huwa tayari kueleza. Atakayebisha hodi na sahani yake mkononi hatarudi mtupu.

Jamii ya pili ni Wagujarati. Wahindu wengi wa Kigujarati na Wajaini hawali nyama, samaki wala mayai, na wamekuwa na migahawa yao katika mitaa ya Kisutu na Upanga jijini Dar es Salaam, na Ngara na Parklands jijini Nairobi. Anayeingia kula thali hula darasa zima kwa mlo mmoja: dal ya mbaazi zilizopaazwa, mboga kavu, wali, chapati nyembamba za rotli, mtindi na achari. Atazame hasa namna dal inavyokolezwa. Dengu au choroko huchemshwa zenyewe hadi zivurugike, na mwishoni mafuta hupashwa moto mkali katika kikaango kidogo, haradali na bizari nyembamba hutiwa humo hadi zianze kuruka, kisha vyote humwagwa juu ya sufuria. Dakika moja ya kazi hiyo hugeuza chakula cha mgonjwa kuwa chakula cha wageni. Wajaini, ambao hawali hata vitunguu, viazi wala saumu, hutumia mvuje kuleta ladha hiyo, na chembe ndogo yake inatosha sufuria nzima. Dhokla ni funzo lingine zuri: unga wa dengu uliokorogwa, ukaachwa uchachuke, kisha ukapikwa kwa mvuke hadi uumuke. Asiyetumia kabisa vitu vya mnyama aulize kuhusu samli na mtindi, kwani jiko la Kigujarati linavipenda sana.

Kwa asiyetumia maziwa wala mayai, jiko lisilo na mtego ni la Ethiopia. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la huko hujizuia na nyama, maziwa, siagi na mayai siku za Jumatano na Ijumaa, na kwa siku 55 kabla ya Pasaka. Kwa muumini wa kawaida siku za mfungo hufika karibu 180 kwa mwaka, na kwa makasisi hukaribia 250. Watu wanaofunga nusu ya mwaka hawawezi kuvumilia chakula kisicho na ladha, na sahani yao ya mfungo inayoitwa beyaynetu, injera iliyopangiwa mafungu ya adesi, njegere zilizopaazwa, kabichi na majani, ni ushahidi wa hilo. Migahawa ya Kiethiopia jijini Nairobi huiuza.

Nyumbani, chakula cha kuanzia nacho ni shiro, na anayefanya kazi hadi jioni atakishukuru. Kaanga vitunguu viwili vilivyokatwa vidogo bila mafuta, kwa moto mdogo, hadi vilainike na kutoa maji yao. Ndipo utie mafuta, saumu na tangawizi. Weka kijiko cha berbere, mchanganyiko wa viungo vikali vya Kiethiopia, au kama haipatikani, pilipili ya unga, iliki na uwatu uliosagwa. Mimina vikombe vitatu vya maji, yakichemka nyunyiza polepole kikombe cha unga wa dengu uliokaangwa mkavu hadi unukie, huku ukikoroga kwa mchapo ili usifanye mabuja. Acha itokote kwa dakika 15. Huliwa na injera, lakini chapati na hata ugali huikubali.

Waadventista Wasabato nao wana mengi ya kufundisha. Kanisa lao, lililofika Upare mwaka 1903 na Gendia, Nyanza, mwaka 1906, huhimiza ulaji wa mimea bila kuulazimisha, na waumini wengi wanajua kutengeneza maziwa na jibini ya soya nyumbani. Upare huohuo ndiko makande yalikojijengea jina. Kwa mpishi wa makande, kama ilivyo kwa mpishi wa githeri ng'ambo ya mpaka, ushauri ni mmoja: aongeze maharage hadi yalingane na mahindi.

Vitabu vya maana vipo. Tarla Dalal wa India aliandika zaidi ya vitabu mia vya mapishi yasiyo na nyama, na World Vegetarian cha Madhur Jaffrey, cha mwaka 1999, kinapita bara hadi bara. Lakini mpishi wa Afrika Mashariki anazo nyaraka nyingine ambazo watu wachache wanazijua: mwaka 2018 Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa zilitoa jedwali la virutubisho vya vyakula vya Kenya, pamoja na kitabu cha mapishi ya vyakula vya kila jamii, kila kimoja kikiwa na vipimo na kiasi cha protini yake. Vyote viwili hupatikana bure kwenye intaneti. Tanzania ina jedwali lake la mwaka 2008, lililotayarishwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard.

Anayetafuta kwenye intaneti atapata zaidi akiandika majina ya vyakula vyenyewe: mbaazi za nazi, shiro, misir wot (mchuzi wa adesi wa Kiethiopia), khichri (wali wa choroko), isombe (kisamvu cha Rwanda). Akiandika tu "bila nyama" ataletewa saladi za nchi za baridi. Kisha apime kila pishi kabla ya kuwasha jiko. Je, linataja kiasi cha kunde kwa idadi ya walaji? Chini ya gramu 60 kavu kwa mtu mzima mmoja, hilo ni chakula cha kando. Je, vitu vyake vinauzwa mtaani kwake, au vitamtuma duka la mbali kila wiki? Pishi lisilosema muda wa kulowekwa wala wa kuchemsha limeandikwa na mtu aliyetumia maharage ya kopo, na atakayelifuata kwa maharage makavu atalala njaa.

Kuna vyakula vinavyosifiwa kuliko stahili yake. Fenesi bichi, ambalo Ulaya na Marekani huchambuliwa na kukolezwa viungo lifanane na nyama, lina nyuzi nzuri lakini protini yake ni kidogo, gramu 2 hivi katika gramu 100. Uyoga mbichi una mbili au tatu. Tui la nazi ni mafuta na ladha. Maziwa ya lozi ya dukani yana protini kidogo sana, wakati maziwa ya soya yana gramu 3 na zaidi katika kila mililita 100, sawa na ya ng'ombe. Vyote hivyo viliwe kwa raha, mradi kunde ziwepo. Kisamvu kinastahili sifa zaidi ya kinavyopewa, kwa kuwa majani ya muhogo yana protini nyingi kuliko mchicha, na kikitiwa karanga zilizosagwa kinakuwa mlo wa kutegemewa. Lakini yana sumu ya sayanaidi, hivyo yatwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa.

Soya haifai kuliwa mbichi, wala maziwa yake kunywewa bila kuchemshwa. Loweka usiku kucha, saga, chuja kwa kitambaa, kisha chemsha maziwa kwa dakika 20 ukikoroga, maana hufura na kumwagika ghafla. Yakikamuliwa ndimu hugawanyika. Yale mabonge yakikandamizwa kwenye kitambaa chini ya kitu kizito huwa tofu, ambayo hukatwa vipande, hulowekwa katika tangawizi na saumu, na kukaangwa kama mishkaki.

Kuhusu maharage yenyewe, kulowekwa kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili huokoa mkaa, na kumwaga maji hayo hupunguza gesi tumboni. Nyanya, ndimu na ukwaju visubiri hadi punje zilainike, kwani uchachu huzifanya zibaki ngumu. Magadi huziivisha upesi lakini huharibu vitamini B1; sufuria ya presha hufanya kazi hiyohiyo bila hasara. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayosababisha kutapika, na dawa yake ni kuchemka kwa nguvu angalau dakika kumi. Vyungu vya umeme vya moto mdogo havifiki joto hilo, kwa hiyo yachemshwe kwanza jikoni. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au ladha chungu zitupwe zote. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga, na mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya kupitia mahindi.

Jambo moja haliwezi kutatuliwa kwa mapishi, nalo lisemwe wazi. Vitamini B12 haipatikani katika mimea. Anayekula mayai na maziwa huipata kiasi, lakini asiyekula chochote cha mnyama lazima atumie vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 2.4 kwa siku. Ini huhifadhi akiba inayoweza kudumu miaka, na hapo ndipo hatari ilipo: mtu hujiona mzima hadi ganzi ya miguu, uchovu na upungufu wa damu vinapomkuta, na madhara ya neva huweza yasirudi nyuma. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye mtoto mdogo waanze mlo huu wakiwa na mtaalamu wa afya, na mgonjwa wa figo amwulize daktari wake kabla ya kuongeza kunde.

Madini ya chuma yamo kwa wingi katika kunde na majani, ila hufyonzwa kwa kiasi kidogo kuliko yale ya nyama. Ndimu juu ya choroko, embe au chungwa baada ya mlo husaidia sana. Chai huzuia, kwa hiyo isogezwe mbele angalau saa moja. Wakulima na wanunuzi wanaweza pia kuulizia aina za maharage zenye chuma kingi, kama Nyota nchini Kenya na Jesca nchini Tanzania.

Waswahili walioko London, Toronto au Muscat hawana sababu ya kukata tamaa. Maduka ya Kihindi huuza mbaazi, choroko na unga wa dengu. Ya Kikongo huuza kisamvu kilichogandishwa, kwa kawaida kwa jina la pondu au saka saka. Sombe ya mgahawani, yaani kisamvu hicho kikiwa kimepikwa, hata hivyo, mara nyingi huwa na samaki ndani yake, na isombe ya Rwanda huweza kuwa na nyama.

Kuuliza kunafaa nyumbani pia. Maharage ya mgahawani yanaweza kuwa yameungwa kwa supu ya ng'ombe au kidonge cha mchuzi chenye mafuta ya kuku, na mlenda huweza kutiwa dagaa waliosagwa. "Mama, haya maharage umeyaunga na nini?" ni swali la heshima na mama lishe hujibu bila kuchukia. Akishajibu, mteja aagize sahani mbili za maharage kwa ugali mmoja, na afike kabla ya saa saba, kwani sufuria ya maharage huisha mapema.